Machale kwenye kupatana bei ya machungwa ya mtini: ni ujuzi au ni kubahatisha?

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu. Msimu wa machungwa aina ya Msasa unakaribia na nataka kuingia kwenye ununuzi wa machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, yale yanayouzwa yakiwa bado mtini. Shamba zima kwa bei moja, mnunuzi anachuma mwenyewe, anapakia, anapeleka Dar au anavuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa.

Kinachonitatiza ni hiki. Wazoefu huzunguka shamba mara moja wakitazama juu, kimya, kisha wanataja bei. Ukiuliza wameipataje unajibiwa "jicho" au "machale". Wengine huliacha shamba zuri kabisa kwa sababu roho imekataa, basi. Hilo ni jambo la kujifunza, au ni bahati tu inayosifiwa baada ya faida kuonekana? Na mgeni wa biashara hii, roho ikimsita katikati ya kuvutana bei, aisikilize au aipuuze?

Shamba ninaloonyeshwa lina miti 80. Mwenyewe ametaja 2,500,000. Dalali ananiambia "atashuka, wewe sema tu". Niseme ngapi?

Karani wa Mizani

Usiseme kitu bado. Umeshaisikia 2,500,000 kabla ya kuwa na namba yako mwenyewe, na hapo ndipo jicho la mgeni linapoharibika. Kuanzia sasa utakuwa unapima kutoka juu kuja chini: 2,200,000 utaiona nafuu, 2,000,000 utaiona umemshinda mzee wa watu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu waliona gurudumu la namba likizungushwa, nalo lilikuwa limetegwa lisimame kwenye 10 au 65. Kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Jibu la katikati la walioona 10 lilikuwa 25. La walioona 65 lilikuwa 45. Gurudumu tu. Na usidhani uzoefu unakinga: mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka madalali wa nyumba kule Tucson, Arizona, wakaikague nyumba halisi, wakiwa wamepewa bei za kutangazwa zinazotofautiana. Makadirio yao yaliifuata bei ya kwenye karatasi, na wachache sana walitaja kwamba waliitegemea.

Kwa hiyo rudi shambani ukahesabu, kwa ruhusa ya mwenyewe lakini bila dalali pembeni. Kwa miti 80, hesabu mmoja katika kila nane, upate 10. Andika 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, okota kimoja, anzia mti huo. Ukianza na wa karibu na njia utakuwa umechaguliwa mti, maana mteja huonyeshwa ya njiani. Kila mti ugawe robo nne kwa macho. Simama chini ya robo moja, hesabu matunda yaliyofikia ukubwa wa kuuzika, zidisha kwa nne. Mti wa kwanza hesabu upande wa mashariki, wa pili kusini, wa tatu magharibi, uzunguke hivyo hivyo, kwa sababu upande wenye jua na upande ulioshikana na mti jirani havizai sawa. Ingiza kichwa ndani ya majani. Mgeni huhesabu yanayoonekana kwa nje, akapata pungufu; halafu akiambiwa "ndani yapo mengi" anaongeza kwa kukisia, akapata kupita kiasi. Kila ukifika 20 tia kokoto mfukoni, usitegemee kichwa.

Tuchukue mfano, namba za bei uweke za siku yako. Wastani wa miti yako kumi umetoka 410. Mara 80 ni machungwa 32,800. Toa asilimia 15 ya madogo, yenye inzi na yatakayodondoka kabla hujamaliza kuchuma: yanabaki 27,880. Chungwa moja likiwa na gramu 200 hizo ni tani 5.6, kwa hiyo ujue ni gari la ukubwa gani. Toa asilimia 5 ya kuharibika njiani, yatauzwa 26,486. Sokoni, tuseme, shilingi 120 kila moja: 3,178,320. Gari 900,000, kuchuma na kupakia shilingi 10 kwa chungwa 278,800, ushuru na vidogo vidogo 150,000. Inabaki 1,849,520. Ukitaka faida ya 400,000, kikomo chako kwa shamba hilo ni 1,450,000. Kiandike. Ndiyo namba pekee unayoingia nayo.

Sasa angalia kwa nini jicho peke yake ni hatari. Tuseme wastani wa kweli ni 340, si 410. Ukisimama chini ya mti, tofauti hiyo huioni. Miti yote miwili imejaa. Lakini ukilipa 1,450,000 kwa shamba la 340, baada ya gharama zile zile za gari na ushuru unabakiwa na hasara ya 95,000 na ushee. Kosa la sehemu moja ya sita kwenye macho limekula faida yote na kuuma mtaji.

Dalali wa Mkanyageni

Karani hesabu yake haina doa, ila ameongea kama shamba liko peke yake duniani. Msimu ukichanganya, wanunuzi waja leo waondoka leo, na shamba zuri halilali. Ukiwa mti wa sita na kokoto zako, mwenzako ameshatoa arubuni, yaani malipo ya kutangulia.

Pia mnalionea jicho la mzoefu. Yeye hatazami wingi tu. Anatazama chini ya mti kabla ya kutazama juu: machungwa yaliyoanguka ni mangapi, na akiokota moja akalipasua, lina funza? Inzi wa matunda, hasa yule aliyetoka Asia akaonekana Afrika Mashariki mwaka 2003, hutoboa ganda na kutaga ndani. Pale alipotoboa panaanza kuwa na doa la njano wakati tunda zima bado kijani. Yakiwa mengi chini, yaliyo juu mengi yameshatobolewa. Anatazama majani: njano isiyolingana, ncha za matawi zilizokauka. Anatazama njia: Fuso litageuka wapi, kijito kinavukwaje mvua ikinyesha. Anatazama shamba la jirani, limeshachumwa au la, maana wachumaji wakiwa tayari kijijini gharama inashuka. Hayo yote yanapita kichwani kwa dakika tano, na akiulizwa hawezi kuyapanga. Anasema "machale".

Machale hayahami na mtu, hilo pia mlijue. Mnunuzi aliyezoea mashamba ya nchi za baridi anaona ganda la kijani anasema hayajaiva, anashusha bei au anaondoka. Huku kwetu tambarare hakuna usiku wa baridi ya kutosha kulibadilisha ganda rangi. Chungwa la Muheza linaiva, linajaa maji, linakuwa tamu, na bado ni kijani. Kuiva kwake unakujua kwa kisu: kata manne kutoka miti tofauti, kamua, onja. Tena ujue chungwa halijiivishi likishachumwa kama embe au ndizi. Ukali lilio nao mtini ndio litakaofika nao Mombasa.

Kuhusu "atashuka, wewe sema tu". Mimi ni wa kazi hii nasema wazi: kaa na mwenye shamba umsikie bei kwa mdomo wake. Dalali anayezuia hilo ana cha juu, yaani anakuongezea bei ili tofauti aitie mfukoni. Na malipo ya dalali yawe kiasi kilichotajwa mapema, siyo asilimia ya bei. Ukimlipa kwa asilimia umemwajiri akupandishie.

Kijana wa Chumbageni

Asanteni sana. Karani, kuhesabu miti kumi kunachukua muda gani hasa? Na ninyi wawili, kikomo changu kikiwa 1,450,000 na mwenyewe yuko 2,500,000, naanzia wapi? Nilifikiri nianze 1,100,000, tukutane katikati.

Karani wa Mizani

Dakika nane hadi kumi kwa mti kwa mtu anayeanza. Saa moja na nusu jumla. Aliyetoa arubuni ndani ya saa moja na nusu bila kuhesabu, mwache aende nalo.

Katikati ndiko utakakoumia. 2,500,000 na 1,100,000, katikati yake ni 1,800,000. Umezidi kikomo kwa 350,000, na kwa hesabu ya juu faida yako kwa gari zima imebaki 49,520. Ili katikati iangukie 1,450,000 ungelazimika kuanza na 400,000, na ukimtajia mzee wa watu 400,000 kwa miti 80 atakunyanyukia, na ana haki. "Tugawane tofauti" husikika kama haki, lakini aliyetaja namba ya mbali zaidi ndiye aliyeamua katikati iwe wapi.

Kwa hiyo bei usiijibu kwa bei. Ijibu kwa hesabu: "Mzee, nimehesabu miti kumi, wastani 410. Wewe unaona machungwa mangapi kwa mti?" Akisema 600, mwombe mkahesabu mti mmoja pamoja, auchague yeye. Mazungumzo yakihamia kwenye idadi, ile 2,500,000 inapoteza nguvu bila mtu kuvunjiwa heshima. Hapo ndipo unataja 1,100,000, ukieleza gari na ushuru. Ukipanda, panda kwa hatua zinazopungua: 1,250,000, kisha 1,340,000, 1,390,000, 1,420,000. Hatua zinazofupika zinamwambia unakaribia ukuta. Ukipanda 100,000, 100,000, 100,000, unamfundisha kwamba akinyamaza kidogo laki nyingine inakuja.

Ngalawa ya Sahare

Naona mnabishana jicho na hesabu kana kwamba machale ni kitu kimoja. Nendeni mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga, mtaona tofauti. Mnunuzi anafungua shavu la jodari, anaona matamvua kama bado mekundu, anabonyeza mwili kwa kidole aone kama unarudi, anatazama jicho kama limejaa au limezama, na bei imeshamtoka mdomoni. Hakuna hesabu, na mara nyingi yuko sawa. Kwa nini? Kwa sababu samaki aliyemnunua asubuhi anamuuza mchana, jioni amejua alikosea au alipatia. Kesho tena. Mwaka mzima ana majibu mamia, na dalili zile zile zina maana ile ile kila siku.

Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein waliandika pamoja juu ya jambo hili, na walikuwa watu wa kambi mbili: Kahneman amekaa akionyesha jinsi hisia inavyodanganya, Klein amekaa na makamanda wa zimamoto akionyesha jinsi inavyookoa. Walikubaliana kwamba hisia ya mzoefu inaaminika kukiwa na mambo mawili. Mazingira yawe na dalili zinazotabirika, na mtu awe amepata muda wa kutosha wa kujaribu na kupata jibu. Kikikosekana kimoja, mtu anaweza kuwa na miaka ishirini kazini na uhakika kifuani, na asiwe na ujuzi.

Sasa pima machungwa kwa kipimo hicho. Tunda kuwa bovu au zima: unapasua, jibu hapo hapo. Jicho la mzoefu liamini. Wingi wa matunda mtini: jibu linakuja baada ya kuchuma, lakini wanunuzi wengi hawahesabu kwa mti, wanajua jumla ya gari tu, na mashamba mawili yamechanganywa ndani ya gari moja. Jibu limevurugika, kwa hiyo jicho halijifunzi. Bei ya Mombasa wiki mbili zijazo: hapo inategemea magari mangapi mengine yatashuka siku hiyo, na hakuna dalili yoyote chini ya mti wa Muheza inayokwambia. Anayesema "machale yananiambia bei itapanda" anabahatisha.

Halafu kuna lile la kusoma uso, "huyu mzee ananificha kitu". Charles Bond na Bella DePaulo mwaka 2006 walikusanya majaribio mengi ya watu kutambua uongo kwa kutazama na kusikiliza. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Sarafu inakupa 50. Kutazama pembeni, kujikuna, kusitasita, mzee anaweza kuwa anayafanya kwa sababu wewe ni mgeni na shamba ni la marehemu kaka yake.

Kijana wa Chumbageni

Ngalawa, hapo umenigusa. Basi roho ikisita kwa sababu ya mtu, niipuuze kabisa?

Ngalawa ya Sahare

Hapana. Usiifanye hukumu, ifanye swali. "Ananificha kitu" haina kazi, "anaweza kuwa ananificha nini?" ina kazi. Kwenye machungwa ya mtini mambo yanayofichwa hayazidi matatu au manne: shamba ni la mirathi na ndugu wengine hawajakubali; kuna mtu ameshatoa arubuni; sehemu ya matunda imeahidiwa mchumaji au mlinzi; au mpaka na jirani una ugomvi. Yote yanaulizika kwa adabu kwa mwenyewe, na yanathibitika kwa majirani wawili na ofisi ya kijiji. Yakijibiwa sawa, ile hisia haina tena pa kusimama, endelea. Moja likiwa na majibu mawili tofauti, umeipata sababu ya roho kusita na huna haja ya kuitafsiri tena.

Na usiulize mbele ya watu. Mzee akiulizwa habari ya ndugu zake hadharani atajibu kulinda heshima yake.

Bi Pongwe

Jamani, mnamwongelea mwenye shamba kama mti wa kumi na moja. Na sisi tuna machale, tena ya kwetu yana kazi, kwa sababu gari likishaondoka hatulioni tena.

Wenye mashamba mnaosoma hapa, hesabuni wenyewe kwa njia hiyo hiyo ya Karani kabla mnunuzi hajafika. Mnunuzi akikubali bei yako ya kwanza papo hapo, moyo unakuuma, na mara nyingi unauma kwa haki: kuna kitu anakijua kuhusu soko ambacho wewe hukijui. Usivunje neno lako siku hiyo, lakini msimu unaofuata uza kwa hesabu, yaani kila chungwa lina bei yake na yanahesabiwa wakati wa kupakia. Kwa namna hiyo makisio hayana pa kuumiza mtu. Ubaya wake ni mabishano ya madogo. Tengenezeni pete ya waya ya kipenyo mlichokubaliana, tunda linalopita ndani ya pete halihesabiwi.

Jambo ambalo wanunuzi hawapendi mlijue: chungwa lililoiva haliharibiki kesho yake. Linaweza kukaa mtini wiki kadhaa, aina ya Valencia hasa. Mkulima wa nyanya hana nafasi hiyo, wewe unayo. Mnunuzi anayekwambia "leo au sivyo yatakuozea" anatumia haraka yake mwenyewe, gari lake limekodiwa kwa siku. Hofu ya kweli ni inzi, kwa hiyo okota yaliyoanguka kila siku, yafukie chini au yafunge kwenye mfuko mweusi juani, usiyaache yakazalisha wengine.

Na usitaje ada ya shule wala mgonjwa. Ukishasema unahitaji hela kabla ya Ijumaa, umekwisha. Mnunuzi mwenye imani atakuhurumia kwa maneno, bei haitapanda.

Dalali wa Mkanyageni

Bi Pongwe unataka kutuharibia kazi, lakini umesema kweli.

Ngalawa, hoja yako ya majibu kuvurugika nimeikubali, na ina dawa. Daftari. Kabla ya kuhesabu shamba lolote, zunguka mara moja kama wazoefu, andika kisio la jicho peke yake. Kisha hesabu, andika. Kisha shamba likichumwa, andika idadi ya kweli, shamba hilo peke yake, usilichanganye na lingine garini kabla ya kuhesabu. Safu tatu. Baada ya mashamba kumi hivi utaona jicho lako lina tabia yake. Wengi huzidisha kwenye miti mirefu yenye majani machache, kwa sababu matunda yote yanaonekana, na hupunguza kwenye miti mifupi iliyoshonana. Ukijua kwamba moja ya tano ya kisio la jicho lako huwa ni ya kuzidisha, unaweza kuanza kulitumia siku ambayo shamba halisubiri: kisia, toa moja ya tano, endelea. Hilo ndilo jicho la mzoefu wa kweli. Asiye na daftari anakumbuka aliyopatia tu.

Karani wa Mizani

Nakuongezea moja hapo kwenye "siku ambayo shamba halisubiri", kwa sababu ni siku ya hatari kuliko zote. Wanunuzi watano wakilikisia shamba moja kwa jicho, wengine watazidisha na wengine watapunguza, na hata kama wastani wao watano uko sawa, anayelichukua shamba ni yule wa juu. Yaani aliyekosea kwa kuzidisha ndiye anayeshinda. Wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, walilieleza hili mwaka 1971 baada ya kuona makampuni yaliyoshinda zabuni za vitalu vya Ghuba ya Mexico yakipata faida ndogo kuliko yalivyotarajia. Kwa hiyo ukiona wengine wanalitaka shamba, na moyo unakusukuma kuongeza "lisije likachukuliwa", shusha kikomo. Wanunuzi wakiwa wengi, kisio la kushinda linakuwa limezidi zaidi.

Ndiyo maana machale nayapa ruhusa ya upande mmoja tu. Yanaweza kusimamisha biashara, yanaweza kushusha kikomo, hayapandishi. Moyo ukikwambia "ongeza laki, hili shamba lina baraka", kikomo kilichoandikwa nyumbani kinabaki kilivyo.

Na kijana, kuhusu kusimama katikati ya kuvutana: usibaki umekaa mkitazamana, utajaza kimya kwa kutaja bei. Adhuhuri ikikaribia omba ruhusa mkaswali, au nenda kapime njia ya gari. Nusu saa inatosha. Ukiwa peke yako andika kilichobadilika tangu mlipoanza: ametaja mnunuzi mwingine? Dalali amekuvuta pembeni? Umechoka na una njaa? Mara nyingi utakiona kilichokusumbua. Kama hukioni na bado roho imekataa, kataa kwa adabu, shamba lingine lipo. Lakini hakikisha lipo kweli: kabla ya kwenda kwa mzee huyu uwe umeshaliona shamba la pili na kulihesabu. Mtu mwenye shamba moja tu kichwani hawezi kutofautisha machale na uroho.

Dalali wa Mkanyageni

Mkishakubaliana, kabla ya kupeana mikono, mambo ya kuandika. Karatasi mbili, shahidi wa kila upande, mtendaji wa kijiji akiwepo bora zaidi. Iandikwe idadi ya miti na alama ya mipaka, bei yote, arubuni iliyotolewa, salio na siku ya kulipwa, na tarehe ya mwisho ya kuchuma. Bila tarehe hiyo mnunuzi huacha matunda yangojee bei, huku mlinzi, inzi na wezi vikiwa juu ya mwenye shamba. Iandikwe pia hasara ya kuanguka kati ya leo na siku ya kuchuma ni ya nani. Kwenye shamba zima kwa bei moja kawaida ni ya mnunuzi, ila isipoandikwa kila mtu atadhani ni ya mwenzake.

Wachumaji wakate kwa mkasi, wasinyofoe. Chungwa lililonyofolewa huchanika pale kwenye kikonyo na kuoza hapo hapo kabla ya kufika Horohoro, na likioza moja lina majirani. Machungwa yaliyolowa umande yasipakiwe. Ngoja saa tatu, saa nne jua limekausha. Na ukipakia kwenye magunia usikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, maana Wakala wa Vipimo wakikukuta njiani faini inaweza kukuangukia wewe uliye na gari.

Ile asilimia 15 ya Karani, kijana, usiichukue kama ilivyo. Pasua machungwa 40 kutoka ile miti kumi, manne kila mti, uhesabu yenye funza. Yakitoka zaidi ya sita, punguza kikomo chako kabla hujarudi kwa mzee.